Maneno ya Kwenye Beseni

Tuliachana nimeinama juu ya beseni la kuoshea nywele, kichwa cha binti wa watu kimo mikononi mwangu, bomba linamwaga maji, naye ananinong'oneza bila kufumbua macho.

"Dada, usiniangalie. Endelea kuosha. Huyu mama si shangazi yetu."

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Mimi ni msusi, mkubwa kwa mama yangu. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, alikwenda kufanya kazi ya hoteli nje ya nchi. Bwana mmoja mwenye ulimi wa asali alikuja kwetu, akakaa kwenye kiti cha mama, akanywa chai ya mama, akaondoka na mtoto wa mama.

Mwanzoni Kitinda alikuwa anapiga simu. Baadaye simu ikanyamaza, na mama naye akaninyamazia mimi. Mkubwa ni jalala, walisema wahenga, na lawama zote za nyumba ile zilimwagwa kwangu. Nikienda kumjulia hali, mama ananikaribisha kama mgeni aliyepotea njia.

Nilimtafuta Kitinda mpaka soli za viatu zikaisha. Kuna walionidanganya kuwa wamemwona, na kuna walionicheka. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, mambo ya kusuka huku machozi yanadondokea vichwa vya wateja, ndipo Madamu akaingia saluni kwetu na mabinti wawili. Akasema ni watoto wa kaka yake, wanakwenda harusini ng'ambo, wasukwe wapendeze.

Wasichana hao hawakuwa na simu hata mmoja. Nikimuuliza binti jina lake, Madamu ndiye anayejibu. Mmoja alipoomba kwenda chooni, Madamu akamfuata mpaka mlangoni akasimama pale kama askari wa benki.

Sasa twende.

Nilibaki na povu viganjani, sijui niendelee au nipige yowe. Nyuma yangu Madamu alikuwa anachezea simu, lakini sikio lake moja lilikuwa kwetu, nililiona kwenye kioo.

"Maji hayakuchomi, mdogo wangu?" nikauliza kwa sauti ya kazini. Kisha nikainama. "Subiri kidogo."

Nikamwendea Madamu. Nikamwambia nywele zake zimekauka huku mbele, na itakuwa aibu watoto wafike harusini wanang'aa halafu shangazi mtu aonekane ametoka kulima. Nikamwambia kwa mteja mpya huwa tunatoa mvuke bure. Hapo nilidanganya, saluni yetu haijawahi kutoa hata kibanio bure, ila binadamu na cha bure mnajuana wenyewe. Akakaa.

Nikamshushia draya, lile dude la kukaushia nywele linalomeza kichwa mpaka masikioni. Likiwaka, linanguruma kama mashine ya kusaga. Ukiwa humo ndani, hata ukitukanwa wewe na ukoo wako wote, utatabasamu ukidhani unasifiwa.

Nikarudi kwenye beseni. Kichwa kile nilikiosha siku hiyo kwa niaba ya vichwa vyote vya mtaa.

Binti alinipa habari kwa vipande vipande, kila nilipozidisha maji. Waliahidiwa kazi ya hoteli. Siku ya kufika walinyang'anywa pasipoti, eti zisipotee. Wanakaa kwenye nyumba iliyo nyuma ya karakana ya magari, madirisha yamepigiliwa mbao. Wanaambiwa wana deni la nauli, la chakula, hata la godoro wanalolalia, na wakiuliza litaisha lini wanapigwa. Keshokutwa wanavushwa mpaka, na huko mbele hakuna hoteli yoyote.

Nikamuuliza kwa nini asipige kelele pale pale, saluni imejaa watu.

"Wenzangu wamebaki kule," akasema. "Nikikimbia mimi, watakaolipa ni wao. Kuna mmoja bado mtoto kabisa."

Nilitaka kumuuliza juu ya Kitinda. Neno lilikuwa limeshafika ulimini: je, hujawahi kumwona binti fulani mweusi, ana mwanya, anacheka kabla hajamaliza kusema. Draya ikajizima. Ukimya uliotokea hapo ulinikata maneno kama mkasi.

Binti akafumba mdomo. Mimi nikaimba wimbo usio na kichwa wala miguu, nikamfunga taulo.

Tulipomaliza kuwasuka mabinti wote wawili, nilikwenda stoo, nikajifungia na makopo ya dawa za nywele. Nikasikia mlango unasukumwa. Alikuwa tajiri wangu, mwenye saluni, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno. Hakuniuliza nina nini.

"Nimeona," akasema. "Mimi si kipofu, mwanangu. Hilo ni tundu la nyigu. Usitie kidole."

Nikamwambia niliyoyasikia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanihesabia sababu zake: saluni hii ndiyo inayosomesha watoto wake, watu wa biashara ile wana mikono mirefu, kiberiti kimoja tu na sote tutakuwa kwenye majivu tunatafutana. Akasema mimi sioni sawasawa kwa sababu ya uchungu wa mdogo wangu, na uchungu ni mshauri mbaya.

Kila alichosema kilikuwa kweli. Nikalia tu, kilio kile cha kujiziba mdomo na taulo.

Akatoka. Nikamsikia huko nje anamlalamikia Madamu kwa sauti ya juu: nani kamuuzia rasta hizi, rasta gani hizi, zitafumuka kabla ya harusi na jina la saluni litachafuka. Akamwambia ni lazima arudi kesho, mabinti warekebishwe, na yeye Madamu asukwe mwenyewe kichwa cha heshima. Madamu akalalamika, akajitazama kwenye kioo, akakubali.

Walipoondoka, tajiri akapita karibu yangu akifagia, hali yeye hajawahi kushika ufagio tangu nimjue.

"Nimekutafutia siku moja," akasema bila kunitazama. "Usiniombe ya pili."

Nilikimbilia kituo cha polisi na aproni yangu kiunoni. Askari wa kaunta alinisikiliza huku akichokonoa kalamu iliyogoma kuandika. Akaniuliza kama mabinti walikuwa wamefungwa kamba. Nikasema hapana. Akaniuliza walifuata nini saluni. Nikasema kusukwa. Akamgeukia mwenzake, wakatazamana.

"Yaani mateka anakwenda kusukwa rasta," akasema, na wakacheka wote wawili.

Kisha akanikumbuka. Akauliza kama mimi si yule wa juzi juzi aliyekuja kulia kwamba mdogo wake kapotea, wakati mdogo mwenyewe ni mtu mzima na aliondoka kwa miguu yake. Akanishauri nipumzike. Alisema kwa upole, na upole ule ulinimaliza kuliko kicheko.

Nilitoka nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Watu walinipita. Niliona wazi jinsi itakavyokuwa: keshokutwa wale watoto watavushwa, na kila mmoja wao ana dada mahali fulani atakayeambiwa apumzike.

Teksi ikasimama mbele yangu. Ilikuwa ya Kimya, dereva anayeegesha ng'ambo ya saluni yetu. Walimpa jina hilo kwa kejeli, maana mdomo wake haujawahi kupata likizo. Lakini siku hiyo alishuka, akakaa ukingoni kando yangu, na kwa mara ya kwanza akasubiri mtu mwingine aanze.

Nikamweleza. Akainamisha kichwa.

Akaniambia aliwahi kuwabeba wasichana wale wakati gari la Madamu limeharibika. Akawatania, kama kawaida yake, na hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa anashika kitasa cha mlango na kukiachia, anashika na kukiachia, njia nzima. Alipowashusha nyuma ya karakana akaona geti linafungwa kwa kufuli upande wa nje. Alijua kuna jambo, akalimeza.

"Shemeji, pale tunapoegesha pamebandikwa tangazo," akasema. "Ukiona mtu anauzwa, piga namba hii, ni bure. Kila siku naisoma nikingoja abiria. Nikawa nadhani imeandikiwa watu wengine."

Tulipiga tukiwa ndani ya teksi, vioo tumepandisha. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito, ya mtu aliyelala kidogo. Hakunicheka. Aliuliza niliona nini kwa macho yangu, nilisikia nini kwa masikio yangu, na kipi ninakisia tu, akanitaka nivitenganishe. Rangi ya gari. Geti linafunguka upande gani. Kimya alimpa namba ya gari la Madamu bila kufikiri, maana madereva huziona namba kama sisi tunavyoona nywele.

Nilipomwambia nitakwenda pale nyumbani kuwachungulia, sauti ikabadilika.

"Usiende," akasema. "Ukigonga geti lile, watakuwa wameshahamishwa kabla mkono wako haujarudi mfukoni. Usimfuate, usimtishe, usimwambie yule binti kwamba tunakuja. Kazi yako ilikuwa kuona na kusema, na umeshaifanya. Kuna jingine moja tu ninalokuomba."

Akaniomba Madamu akija kesho, akae kwenye kiti changu muda mrefu kadiri inavyowezekana. Akiwa mbali na nyumba, na simu yake haina sababu ya kulia, wao watajua la kufanya.

Nikamuuliza kama atakuja kweli. Nilishaambiwa "tutakuja" na wengi. Akasema anazijua ahadi nilizopewa, hivyo yeye hataahidi.

Kesho yake Madamu alikuja asubuhi, na binti mmoja. Hakuwa yule wa beseni.

Nikamuuliza, kwa sauti niliyoitengeneza usiku mzima, yule mwingine yuko wapi, mbona rasta zake ndizo mbaya zaidi. Madamu akasema ana homa. Alisema akinitazama usoni, wala hakupepesa.

Nikaenda stoo, nikatuma ujumbe kwa namba aliyoniachia ile sauti nzito: aliyezungumza na mimi hajaletwa. Jibu lilikuja fupi. "Suka."

Nikasuka. Wanaonijua wanajua mikono yangu ina mbio, lakini siku ile nilisuka kama anayehesabu nywele kwa ajili ya sensa. Nagawa, nachana, nafumua, naanza upya. Kitana kinaanguka, nakiokota, nakiosha, nakikausha. Kila mstari nilioumaliza nilimwona yule binti kwenye chumba chenye madirisha ya mbao, anapigwa kwa sababu ya maneno aliyoniambia mimi.

Madamu akaanza kuchoka. Akaniuliza mimi ni msusi au mwanafunzi wa msusi.

Hapo ndipo mtaa ulipoingia kazini, na hakuna aliyeutuma. Tajiri alikata umeme kwenye swichi kubwa, kisha akalaani shirika la umeme kwa uchungu wa kweli. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja zamu, mama mwenye mdomo mpana, akaanzisha kisa cha mkwewe anayeficha sukari, kisa chenye vyumba na kumbi, na kila Madamu alipotaka kusema neno, yule mama akamgusa goti akimwambia asubiri, utamu bado. Mteja mwingine, mwanamke aliyekuja kupakwa rangi ya kucha, alikaa kimya kwenye kona, vidole amevitandaza.

Nje, Kimya alikuwa ameegesha teksi nyuma ya gari la Madamu, pua kwa mkia, akafungua boneti akazamisha kichwa humo. Dereva wa Madamu alimpigia honi. Kimya akamweleza historia nzima ya injini ile tangu ilipotoka kiwandani.

Simu ya Madamu ikaita.

Akasikiliza. Kwenye kioo niliona uso wake unapauka kama kitambaa kilichomwagiwa dawa. Akasimama. Upande mmoja wa kichwa una misuko, upande mwingine umesimama kama ufagio wa chelewa.

"Bado upande huu," nikasema.

"Niachie kichwa changu."

Ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nimeushika msuko, na sikuwa na nia ya kuuachia. Mimi ambaye sijawahi kupigana tangu darasa la kwanza, niliuzungushia mkononi kama kamba ya ng'ombe. Akanichoma na mkia wa kitana, kovu ninalo mpaka leo. Tajiri akasimama mlangoni, na mwili wake, ambao siku zote tulikuwa tunautania, ukawa mlango wa pili.

Akainuka yule mwanamke wa rangi ya kucha. Akapuliza vidole, akatoa kitambulisho kwa ncha za kucha ambazo bado zilikuwa mbichi. Alipofungua mdomo nikaijua ile sauti nzito. Alikuwa amekaa na sisi tangu tunafungua.

"Madamu," akasema, "uko chini ya ulinzi. Wenzangu wako nyumbani kwako."

Binti aliyeletwa kusukwa akarudi nyuma mpaka ukutani. Yule mama wa mkwe anayeficha sukari akaacha hadithi yake katikati, akamkumbatia kama aliyemzaa.

Ningependa niishie hapo, nanyi mfurahi. Lakini simu ya Afisa, maana sasa ndivyo ninavyomwita, ikalia, akasikiliza, akanigeukia. Nyumba ile wameifungua. Wasichana wametoka wote, isipokuwa mmoja aliyefungiwa stoo ya nyuma, ambaye ameuzuia mlango kwa ndani. Amekataa kumfungulia mtu yeyote. Anasema hata waliomchukua kwao walivaa vizuri na walikuwa na vitambulisho. Anamtaka dada wa saluni.

Mimi na Afisa tulikwenda kwa teksi ya Kimya.

Uani kulikuwa na wasichana wamekaa chini kwenye kivuli cha ukuta, macho wameyakunja kwa jua kama watu waliotoka shimoni. Mmoja kweli alikuwa bado mtoto. Nilipita katikati yao nikitafuta uso mmoja. Haukuwemo. Nikaenda kwenye mlango wa stoo, nikasema mimi ni yule wa kwenye beseni.

Kitu kikavutwa kwa ndani. Akatoka, jicho moja limevimba, midomo imepasuka. Rasta zangu walikuwa wamezikata kwa kisu. Akaniangukia kifuani, tukakaa chini pale pale kizingitini.

Nikamwomba radhi kwa kipigo kile. Akatikisa kichwa. Akasema hakupigwa kwa sababu ya saluni. Kuhusu saluni hawakujua kitu. Alipigwa kwa kuwa alikataa kupigwa picha.

"Na sikukuchagua mimi, dada," akasema. "Nilitumwa kwako."

Akaniambia kuna dada mmoja ndiye aliyekuwa anashika funguo. Wote walimwogopa. Asubuhi anawafungulia, jioni anawafungia, wakigombana anawapiga, Madamu akiondoka yeye ndiye Madamu. Zamani, walisikia, alikuwa kama wao, alipitishwa kote huko wanakopelekwa wao, akarudishwa. Akapewa kuchagua: apelekwe tena au ashike funguo. Akashika funguo.

Ni yeye aliyemwambia Madamu kuna saluni fulani wanasuka vizuri na hawana maswali. Na ni yeye aliyemvuta binti huyu pembeni, akamwambia: ukifika pale, ukilazwa kwenye beseni, mwambie msusi mrefu mwenye alama shavuni. Usimwambie mwingine. Na usinitaje.

Niligusa shavu langu. Alama hiyo niliipata nikiwa nimembeba mtoto mgongoni, nikajikwaa, nikaanguka kwa uso ili yeye asiumie.

"Yuko wapi?" nikauliza, na sauti haikuwa yangu.

Hakukuwa na haja ya kujibiwa. Walikuwa wanamtoa mlango wa mbele, mikono imefungwa pingu, askari wawili huku na huku. Amenenepa kidogo. Amepaka wanja. Funguo zilikuwa zinaning'inia kiunoni mwake, hawajazichukua bado. Wale wasichana waliokaa chini wakasogeana kwa pamoja, wakajikunyata, na yule mtoto akaficha uso kwenye magoti. Walimwogopa kweli. Nililiona hilo kwa macho yangu, siwezi kulificha.

Alikuwa Kitinda.

Nilisimama. Nikapiga hatua chache kumwelekea. Yeye aliniona, najua aliniona, kwa sababu kope zake zilicheza. Kisha akatazama juu ya bega langu, na mimi nikageuka.

Nyuma yangu Madamu alikuwa ameletwa ashuhudie upekuzi. Nusu ya kichwa chake misuko, nusu vurugu, lakini macho yametulia. Alikuwa ananitazama mimi, akimtazama Kitinda, akirudi kwangu. Mama yetu katuzaa na pua moja, kila mtu husema.

Kiongozi wa askari akamuuliza Kitinda kama ana ndugu yeyote wa kuarifiwa.

"Sina," akasema.

"Na huyu dada hapa? Tangu utoke mlangoni anakuangalia."

"Simjui. Sijawahi kumwona."

Alisema kwa sauti kavu, kama anayekataa kununua kitu barabarani.

Binti wa beseni akanishika kiganja, akanisogelea sikioni. Alisema yule bwana mwenye ulimi wa asali, aliyekwenda kuwachukua makwao, hakukamatwa. Alipanda ukuta askari wakiwa bado wanavunja geti. Simu anayo, na Madamu huwa anamfikishia habari hata akiwa wapi.

Nikaelewa kwa nini mdogo wangu ananikana. Bwana yule amekaa kwenye kiti cha mama. Anaijua njia ya kwetu, anajua mama anaishi peke yake, anajua mlango wa nyuma haufungi vizuri. Siku Madamu atakapojua ni nani aliyeiuza nyumba hii kwa askari, habari itafika kwa mama kabla yangu.

Nikimkubali, nimemfichua. Nikimkana, pale uani hakuna mtu mwingine wa kusema kwamba msichana huyu naye aliuzwa. Wasichana watasimama mmoja mmoja wamwonyeshe kidole, na watakuwa wanasema kweli, na atakwenda jela kama mwenye mali.

Nilimtafuta Afisa. Alikuwa ndani, anafungasha pasipoti.

Kiongozi wa askari akanikaribia. Alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, akanishika bega kwa upole.

"Dada yangu, sema ukweli tu, usiogope. Huyu binti unamfahamu?"

Kitinda alikuwa anatazama chini. Madamu akaacha kumtazama, akageuka kunisikiliza mimi.